Dereva Aliyekatwa Kiunoni

Jumamosi ile basi la reli lilisimama mahali ambapo hakuna aliyeliamuru lisimame. Lilikuwa limetoka tu handakini, behewa moja la mfano lenye injini yake, jekundu, halizidi urefu wa kiganja, taa zake mbili zikiwaka, na likaganda mbele kidogo ya jukwaa la stesheni. Treni nyingine zote ziliendelea kuzunguka meza. Eckhard Drossel, mwenyekiti wa chama cha wajenzi wa treni za mfano, akaongeza umeme. Halikwenda. Akapangusa reli kwa kitambaa chenye spiriti huku akiwalaani watu wanaoingia na viatu vya barabarani. Halikwenda. Mwishowe alikata tamaa, akamimina kahawa, na ndipo, mikono yake yote miwili ikiwa imekumbatia kikombe, basi la reli lilipoondoka polepole na kuingia stesheni.

"Umeona?" Roswitha Kempf aliuliza.

"Nimeona nini? Waya umelegea. Heiner akitoka hospitali atautazama."

Roswitha alikuwa ameinama juu ya meza akipandikiza misonobari kwa koleo lake dogo, na pua yake ilikuwa imenasa harufu isiyo ya gundi wala ya rangi. Ilikuwa harufu ya kafuri, ile ya dawa ya kuchua ambayo wazee hujipaka magotini. Mle chumbani walikuwa wawili tu, na Eckhard hajawahi kuumwa goti. Roswitha alihisi vidole vya miguu yake vimekuwa vya baridi, akadhani ni sakafu.

Chama kilikuwa na chumba chake chini ya jengo la stesheni ya zamani, na ndani yake kulikuwa na Hohengrund nzima, mji wao wenyewe, umejengwa juu ya meza kwa udogo ambao mtu mzima hazidi kifundo cha kidole. Watu wenye vipara na pensheni zao walikuwa wakigombana mpaka kununiana kwa sababu ya rangi ya mlango wa choo cha stesheni, tena wa enzi ambazo nusu yao walikuwa hawajazaliwa. Usiwacheke sana. Juu ya meza ile hakuna duka lililofungwa wala kijana aliyehamia mbali, na treni, ambayo mjini kwenyewe haiji tena, inafika.

Tena walikuwa na desturi yao. Mwanachama akifariki, rafiki yake humtengenezea kijitu, pamoja na kofia yake na koti lake, na kukisimamisha mahali alipopapenda marehemu. Mmoja anavua samaki darajani. Mwingine amekaa nje ya baa na bilauri yake. Hawasemi kwamba ni makaburi, lakini wakipangusa vumbi huwapitia wale kwa brashi laini, na wakifungua mlango Jumamosi huwasalimu, kwa mzaha, ila hawakosi hata siku moja.

Roswitha alikuwa mgeni chamani. Maisha yake yote alikuwa fundi wa meno bandia, akastaafu, akachoka kukaa peke yake ghorofani, akaja. Vijitu vya kiwandani vilivyosimama wima kama askari aliviweka chini ya lenzi, akavikata mikono na shingo na kuvigeuza, akatoka na bwana anayepiga chafya na mama anayemburura mtoto asiyetaka shule. Watu walifunga safari kutoka miji mingine kuja kuangalia kazi ya mkono wake.

Kabla ya Jumamosi ile, majani yalipoanza kupukutika, Eckhard alikuwa amemletea kijitu kimoja ndani ya kiberiti kitupu.

"Basi langu la reli halina dereva, bibie," alisema. "Huyu atafaa. Mkate kiunoni akae vizuri."

Ndivyo wafanyavyo wote. Kibanda cha dereva ni kidogo, miguu haiingii, na hakuna atakayeiona. Kijitu chenyewe kilikuwa kazi ya mkono mzito, kofia ya kijivu yenye doa la njano, uso umepakwa rangi kwa haraka. Roswitha alikikata kwa msumeno wake mwembamba kama uzi. Kiwiliwili akakiketisha kwenye usukani, na miguu hakuitupa, maana yeye hatupi kitu. Aliichomeka chini ya gari bovu kwenye gereji iliyo pembeni ya meza, ikatokeza kama ya makanika aliyelala kazini. Kila aliyeiona alicheka, na Eckhard alicheka kuliko wote.

Baada ya Jumamosi ile ya kwanza, harufu ya kafuri haikuondoka tena. Kisha zikaja sauti.

Meza ilikuwa pana mno, mkono haufiki katikati. Kwa hiyo kulikuwa na tundu: unainua pazia jeusi linaloning'inia pembezoni, unatambaa chini kati ya nguzo na nyaya, halafu unachomoza katikati ya mji, kiuno kwenda juu, jitu kati ya nyumba. Kutoka huko chini Roswitha alisikia kiganja kikipiga sakafu, pa, kisha kitu kizito kikikokotwa, kimya kidogo, kiganja tena, kisha kukokota.

"Unasikia?" alimnong'oneza Eckhard.

"Panya."

"Panya hana viganja, Eckhard."

"Basi panya mnene," alisema, akaongeza sauti ya redio.

Alipobaki peke yake, Roswitha aliinua pazia na kumulika. Vumbi la chini lilikuwa na alama za viganja vya mtu mzima, cha kulia na cha kushoto, zikipishana kutoka ukutani mpaka kwenye kiti chake, na katikati yake palikuwa na mburuzo mpana kama wa gunia. Hapakuwa na alama ya goti. Hapakuwa na alama ya kiatu.

Jioni hiyo, nyumbani, alitia miguu kwenye beseni la maji ya moto ili kuitoa baridi. Ngozi ikawa nyekundu, ikaanza kutoka malengelenge, naye hakuhisi kitu. Daktari alimchoma sindano nyayoni, kwenye kifundo, na alipofika kwenye muundi ndipo Roswitha aliposhtuka. Wakamwandikia vipimo na vidonge. Wiki iliyofuata sindano ilibidi ipande juu zaidi, na iliyofuata juu zaidi tena, mpaka akawa anatembea kwa mikongojo miwili huku akitazama chini, kwa kuwa asipoitazama miguu yake hakujua ilipo. Aliogopa, na hakuona aibu kulia. Mwanamke anayeishi peke yake ghorofa ya juu kabisa, akikosa miguu, amekosa kila kitu.

Heiner Wollmann, fundi umeme wa chama, alirudi kutoka hospitali akiwa na nyonga mpya na mzaha wake ule ule. Aliwasalimu marehemu mmoja mmoja, yule wa darajani, yule wa baa, akafika mwisho wa jukwaa la stesheni na kunyamaza.

"Lothar yuko wapi?"

"Amemezwa na mashine ya kufyonza vumbi," Eckhard alisema bila kugeuka. "Bahati mbaya. Utatengeneza mwingine." Akavaa koti, akaenda kubandika matangazo ya maonyesho ya Majilio, majuma ya kabla ya Krismasi.

Heiner alibaki akitafuna mdomo. Kisha akachukua lenzi, akaligeuza basi la reli ili autazame ule waya uliosemwa. Hakuutazama waya.

"Roswitha, mama, huyu dereva umempata wapi?"

"Eckhard kaniletea. Kwenye kiberiti."

"Ukamfanya nini?"

"Nikamkata. Si ndivyo mnavyofanya?"

Heiner akaketi. Alizungumza kwa sauti ya chini, jicho kwenye pazia. Kijitu kile alikitengeneza yeye mwenyewe, na lile doa la njano lilimdondoka kwenye kofia akashindwa kulitoa. Kilikuwa cha Lothar Pietsch. Basi la reli nalo lilikuwa la Lothar. Alilijenga kwa miaka, kutoka vibovu vitatu na mabati aliyoyakata kwa mkasi wa kucha, na hakuna kiwanda kilichowahi kutoa jingine kama lile. Siku moja, mbele ya chama kizima, Lothar alisema kwamba Eckhard hajui kujenga, anajua kufungua maboksi. Eckhard hakumsamehe. Lothar alipokufa kwa moyo, Eckhard alikwenda kwa dada yake, mama wa watu asiyejua lolote, akaondoka na basi lile ndani ya sanduku la takataka, akalikwangua jina chini ya tumbo lake.

"Alikuwa mtu mzuri?" Roswitha aliuliza.

"Mzuri, ila akikasirika amekasirika. Maskini, magoti yalimtesa. Kila Jumamosi chumba kizima kilinuka kafuri."

Chini ya meza kiganja kilipiga sakafu. Heiner alisikia, rangi ilimtoka usoni kote.

"Humu kuna kitu kinatembea," alisema.

"Hakitembei, Heiner. Hilo ndilo tatizo lake."

Kesho yake Heiner alimpeleka kwa Bi Noack, kijiji cha pili. Watu wa huko wanaomcheka Bi Noack kanisani ndio hao hao wanaomgongea mlango wa nyuma wakipata mkanda wa jeshi ngozini, awasemee maneno upoe. Aliwapokea akiwa na aproni ya kumenyea viazi, akapunguza televisheni, akamwambia Roswitha anyooshe miguu kitini. Alipitisha kiganja juu yake bila kuigusa, akinong'ona kwa Kisorbia, lugha ya bibi zake, kutoka nyayoni kwenda juu, na mkono ukasimama katikati ya paja.

"Amefika hapa. Akifika kiunoni, mimi sina langu tena na daktari naye hana lake."

"Nimemkosea nini? Sikumjua."

"Wewe hakuchukii. Anachukua alichochukuliwa, na mkono uliomkata ni wako."

"Nilitumwa, Bi Noack."

"Aliyekutuma ana lake na marehemu, na hilo silisemei. Wewe miguu yake unajua ilipo?"

Roswitha aliikumbuka gereji, na wote waliocheka. "Najua."

"Basi muunge. Mkono ule ule uliokata ndio uunge. Msimamishe pake, umwite kwa jina, kisha utoke. Usiache mpaka kesho kutwa, mwanangu."

Wakaenda moja kwa moja stesheni. Ilikuwa alasiri bado, lakini majira yale jua huaga mapema na madirisha yalikuwa yamekwisha kuwa meusi. Roswitha alichomoa miguu chini ya gari bovu, akamtoa dereva kibandani, akatoboa pande zote mbili, akapitisha kiwaya, akaunganisha kwa gundi. Mikono yake haikutetemeka, imezoea. Kazi ilikuwa kufika mwisho wa jukwaa, maana hapafikiki ila kwa kupitia tundu la katikati, na Heiner na nyonga yake mpya hawezi kutambaa.

"Nitamulika kutoka hapa," Heiner alisema, akawasha tochi.

Roswitha akaweka mikongojo chini, akaingia chini ya pazia kwa tumbo, kijitu cha Lothar amekibana midomoni, na kwa kuwa miguu haikumtii alilazimika kujivuta kwa viganja, pa, kisha kujikokota, pa, kisha kujikokota, mpaka akatambua kwamba sauti anayoitoa ndiyo ile ile aliyokuwa akiisikia, na kwamba akisimama kupumua sauti yenyewe haisimami, inaendelea nyuma yake, upande ambao mwanga wa Heiner haufiki, na harufu ya kafuri imekuwa nzito hadi machozi yanamtoka, na nyaya zinazoning'inia zinamgusa shingoni kama nywele za mtu aliyeinama, na alipogeuza kichwa kutazama, kwa vile miguu yake haihisi kitu na ni lazima aitazame, aliona kiatu chake cha kushoto kikivuliwa taratibu, kisigino kwanza, na mkono uliokuwa ukikivua ukiwa na vidole vyenye makovu ya kulehemu, na nyuma ya mkono uso wa kijitu alichokikata nusu mwenyewe, mkubwa sasa, mkubwa kama wa mtu, chini ya kofia ya kijivu, ukimtazama bila kupepesa.

"Roswitha," Heiner alinong'ona kutoka mbali. "Kuna nini?"

Hakuweza kujibu, kijitu kilikuwa mdomoni. Alijivuta. Kiatu cha pili nacho kilitoka. Alishika kingo za tundu, akajipandisha kwa mikono peke yake mpaka kifua chake kikalala juu ya paa za mji, akanyoosha mkono, akampaka Lothar tone la gundi nyayoni na kumsimamisha mwisho wa jukwaa.

"Lothar Pietsch," alisema. "Simama. Miguu yako hiyo. Nisamehe."

Halafu miguu ya Roswitha ikaanza kuchoma kana kwamba amesimama kwenye siafu, kutoka mapajani kwenda chini, magoti, miundi, na malengelenge ya lile beseni yakaanza kumuuma kwa mara ya kwanza. Alilia kwa furaha ya maumivu yale. Alitoka chini ya meza kwa magoti yake mwenyewe, akasimama pekupeku sakafuni, na sakafu ilikuwa baridi. Heiner alimkumbatia, akaenda kupasha gari moto.

Heiner alipotoka, Eckhard akaingia, keki ya Krismasi kwapani, theluji mabegani. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye basi la reli.

"Dereva wangu yuko wapi?"

"Yuko jukwaani," Roswitha alisema. "Mzima."

Eckhard akatazama. Hakustaajabu hata kidogo, na hapo Roswitha akaanza kuelewa.

"Heiner na mdomo wake," Eckhard alisema.

"Ulijua ni Lothar."

"Alilipenda sana basi hilo. Nikampa kazi humo."

"Na sauti za chini ya meza ulizisikia."

"Nimezaliwa mji huu, bibie. Nilizisikia kabla yako."

"Sasa kwa nini hukumkata mwenyewe? Msumeno unao. Mkono wako hautetemeki."

Eckhard aliweka keki mezani, akafungua kamba yake polepole. "Kwa sababu nilijua angemwandama aliyemkata," alisema. "Wewe mgeni. Hakukujua. Nilidhani hatakuwa na haja na wewe."

"Uliniona naingia hapa na mikongojo."

"Niliona. Nikasema maonyesho yapite kwanza." Aliinua mabega. "Umepona, si umepona? Basi tusitafutane. Kesho wanakuja watu wa gazeti, na basi haliwezi kuzunguka bila mtu usukanini. Nitengenezee mwingine."

Roswitha alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe, hasira tulivu, iliyokaa vizuri kifuani.

"Nani?" aliuliza.

"Yeyote. Hata mimi ukitaka, sura yangu si mbaya." Akacheka, akachukua birika, akaingia kijikoni kuchemsha kahawa.

Chama kile hakikuwahi kumtengenezea kijitu mtu aliye hai. Roswitha alilijua hilo vizuri. Akakaa kwenye benchi lake, akawasha taa, akachagua kijitu cha kiwandani chenye bega pana. Akakipaka sweta la kahawia lenye vifungo. Akakivisha miwani ya waya mwembamba kuliko unywele. Tumbo akaliongezea kidogo kwa nta, maana Eckhard ana tumbo, na akakitazama chini ya lenzi mpaka akaridhika kwamba hata mama yake angemtambua. Kisha akaweka msumeno kiunoni.

Msumeno ulipoanza kula, pazia jeusi lilitikisika, na kutoka chini ya meza hakikusikika kiganja wala kukokota. Zilisikika hatua. Hatua za viatu vya mtu mzima, goti moja likichechemea kidogo, zikatoka, zikapita nyuma ya kiti cha Roswitha karibu sana hadi nywele zake zikapepea na kafuri ikamjaa kooni, na hazikusimama kwake, zikashika njia ya kijikoni bila haraka. Roswitha hakugeuza shingo. Aliendelea kuvuta na kusukuma mpaka msumeno ukatokea upande wa pili na miguu midogo ya suruali ya kijivu ikadondoka mezani.

Kikombe kilivunjika kijikoni. Kisha kitu kizito kikaanguka.

"Roswitha." Sauti ya Eckhard ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa kusikiwa. "Roswitha, njoo uniinue. Sihisi miguu. Kuna mtu humu, amesimama hapa, hasemi kitu."

Roswitha alichovya brashi kwenye rangi nyeupe, akakiwekea masharubu.

"Nakuja," alisema. "Ngoja rangi ikauke."